Ruhusa Zisizorudishwa: Kumbukumbu za Usalama wa Data katika Programu za Maduka ya Mtandaoni

Kampuni inayotengeneza programu za maduka ya mtandaoni hubeba dhamana isiyofanana na ya muuzaji wa kawaida, kwa kuwa yenyewe haimuuzii mnunuzi hata kijiko, lakini majina, namba za simu, mahali pa kupelekea mizigo na historia ya manunuzi ya wateja wa wafanyabiashara wengi huhifadhiwa katika hifadhidata yake, yaani ghala la taarifa lililopangwa ili programu iweze kuzitafuta na kuzibadilisha kwa haraka. Muuzaji mmoja akiibiwa simu aliyokuwa akiandikia oda, hasara huishia kwake na kwa wateja wake. Ghala la kampuni likifunguliwa na asiyehusika, huwa limefunguliwa kwa maduka yote yaliyomo, pamoja na yale ambayo wenyewe walikuwa waangalifu. Uvujaji wa data, kwa maana inayotumika hapa, ni hali yoyote ambamo taarifa za watu humfikia mtu asiye na haki ya kuziona, iwe kwa wizi, kwa uzembe au kwa tamaa ya mtumishi wa ndani, na hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba sehemu kubwa ya uvujaji huo huanzia kwenye ruhusa iliyotolewa kwa sababu nzuri, ikatimiza kazi yake, kisha isirudishwe.

Kumbukumbu zilizo msingi wa hoja hiyo ni za miaka ambayo mwandishi alifanya kazi katika kampuni moja ndogo ya aina hiyo jijini Dar es Salaam, ambayo wateja wake wa kwanza walikuwa wauzaji wa vitenge, vipuri vya magari na vifaa vya simu waliokuwa wamezoea kuuza kwa picha za Instagram na mazungumzo ya WhatsApp, na ambao walitaka duka lenye orodha ya bei, hesabu ya mizigo iliyobaki na njia ya kupokea malipo bila kumwomba kila mteja atume picha ya ujumbe wa muamala. Katika vikao vya kampuni hiyo mdukuzi alizungumzwa kama mtu wa mbali, mwenye maarifa ya ajabu, anayeshambulia usiku kutoka nchi isiyojulikana, na bajeti ndogo ya usalama ilitumika kununua vizuizi vya kumkabili mtu huyo. Mambo yaliyotokea hayakumhitaji hata kidogo.

Tukio lililofundisha mengi lilihusu malipo kwa simu. Mteja anapolipa katika duka la mtandaoni kwa njia hii, ombi la malipo hutokea kwenye simu yake, naye huweka namba ya siri. Mfumo wa kampuni ya simu ukishahamisha fedha hutuma ujumbe kwa seva ya duka, yaani kompyuta inayoliendesha duka hilo, kupitia anwani maalumu inayoitwa anwani ya mrejesho, na ujumbe huo ndio unaoiambia programu kwamba oda imelipwa na mzigo unaweza kutoka. Wakati wa majaribio, wahandisi walikuwa wameifungua anwani hiyo ipokee ujumbe kutoka popote, kwa sababu walihitaji kutuma ujumbe wa mfano kutoka kwenye kompyuta zao wenyewe pasipo kusubiri fedha halisi zihamishwe. Majaribio yalikwisha, duka la kwanza likaanza kazi, yakafuata mengine, na anwani ikabaki wazi kama ilivyokuwa, ikiamini kila ujumbe ulioandikwa kwa mpangilio sahihi, bila kujali aliyeutuma.

Aliyegundua kasoro hiyo hakuwa mhandisi. Muuzaji mmoja wa Kariakoo, ambaye kila jioni alilinganisha daftari lake la mkono na taarifa ya fedha zilizoingia kwenye laini yake ya biashara, alipiga simu kulalamika kwamba programu ilimwonyesha oda zilizolipwa ambazo hazikuwa na fedha, na kwamba bodaboda alikuwa ameshaondoka na mizigo. Jibu la kwanza alilopewa, ambalo mtu yeyote aliyefanya kazi katika dawati la huduma kwa wateja atalitambua, ni kwamba pengine mtandao wa simu ulichelewa na asubiri. Aliposhikilia hoja yake na kumbukumbu za seva zikafunguliwa, ilionekana kwamba jumbe hizo hazikutoka kwa kampuni ya simu. Mtu fulani alikuwa ameijua anwani ya mrejesho na muundo wa ujumbe wake, akawa anajiandikia mwenyewe stakabadhi. Dawa ilikuwa rahisi kiasi cha kutia aibu: seva ilizuiwa kupokea ujumbe kutoka anwani zisizojulikana, na kabla ya oda yoyote kuhesabiwa kuwa imelipwa, programu ilianza kuuliza mfumo wa kampuni ya simu yenyewe kama muamala wenye namba hiyo upo na ni wa kiasi gani.

Kasoro ya namna hii, yaani mlango wa majaribio uliosahaulika baada ya kazi kuanza, haitokani na udogo wa kampuni wala uchache wa fedha. Mfano ulio wazi zaidi ni wa British Airways mwaka 2018, ambao, ingawa unahusu shirika la ndege, ni mfano halali wa biashara ya mtandaoni kwa kuwa tovuti inayouza tiketi kwa kadi ya benki ni duka kama maduka mengine. Kwa mujibu wa uamuzi wa Ofisi ya Kamishna wa Habari ya Uingereza uliotolewa Oktoba 2020, mshambuliaji aliingia katika mifumo ya shirika hilo mwezi Juni 2018 kwa kutumia jina na nywila ambazo alikuwa amepewa mfanyakazi wa kampuni nyingine iliyolihudumia shirika hilo viwanjani, na akaunti hiyo haikuwa na uthibitishaji wa hatua mbili, yaani utaratibu wa kudai, mbali na nywila, ushahidi mwingine kama namba inayotumwa kwenye simu. Alipokuwa ndani alikuta nywila ya msimamizi mkuu wa mfumo ikiwa imeandikwa wazi katika faili, na kutoka hapo njia zote zilikuwa mikononi mwake.

Jambo lililofuata ndilo lililolifanya tukio hilo lisomwe sana na watu wa fani hii. Mshambuliaji aliongeza mistari michache katika msimbo, yaani maelekezo ya programu, uliokuwa ukipakiwa kwenye ukurasa wa malipo, na kuanzia tarehe 21 Agosti hadi 5 Septemba 2018 kila mteja aliyejaza kadi yake katika ukurasa ule halisi wa shirika lile halisi alikuwa akiipeleka nakala ya maandishi yake kwenye tovuti nyingine, iliyopewa jina la baways.com ili lisishtue macho. Malipo yalikamilika na tiketi zilitolewa. Kikufuli kinachoonekana kando ya anwani ya tovuti kilibaki mahali pake, kwa kuwa alama hiyo hueleza tu kwamba mawasiliano kati ya kivinjari na seva yamefichwa kwa usimbaji, na haisemi lolote kuhusu uaminifu wa msimbo unaofanya kazi ndani ya ukurasa. Hilo ni jambo ambalo kampeni nyingi za kuelimisha wanunuzi wa Afrika Mashariki, zinazowataka watazame kikufuli kabla ya kulipa, bado hazijalieleza inavyostahili.

Sehemu ya uamuzi huo iliyosemwa kidogo magazetini ni ile inayohusu kadi zilizokuwa zimehifadhiwa. Wachunguzi walikuta kwamba mfumo mmoja wa shirika hilo ulikuwa ukiandika taarifa za kadi katika kumbukumbu zake bila kuzificha, mara nyingi pamoja na zile tarakimu za usalama zilizo nyuma ya kadi, ambazo kiwango cha kimataifa cha usalama wa data za kadi, PCI DSS, hakimruhusu mfanyabiashara kuzihifadhi baada ya malipo kuidhinishwa. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo: kilikuwa kipengele cha majaribio, ambacho kilipaswa kuzimwa mfumo ulipoanza kazi rasmi, na kikaachwa kikiandika tangu Desemba 2015. Msomaji anayelinganisha habari hiyo na anwani ya mrejesho ya Dar es Salaam ataona ugonjwa mmoja katika miili yenye ukubwa tofauti. Wateja na watumishi waliohesabiwa kuwa huenda waliathirika walikuwa 429,612, na shirika lilitozwa faini ya pauni milioni 20, baada ya kusudio la awali la zaidi ya pauni milioni 183. Taarifa ya wizi huo, kama ilivyokuwa kwa daftari la Kariakoo, ililifikia shirika kutoka kwa mtu wa nje.

Habari mbaya kuanzia nje ni jambo la kawaida katika matukio haya, na kampuni isiyo na masikio huongeza hasara yake yenyewe. Mwaka huohuo wa 2018 benki ya Monzo ya Uingereza iligundua kwamba wateja wake walioripoti matumizi ya wizi ya kadi zao walikuwa wamenunua tiketi kupitia Ticketmaster, ikaieleza kampuni hiyo mwezi Aprili, lakini zilipita wiki tisa tangu tahadhari hizo hadi Ticketmaster ilipoanza kuchunguza mawasiliano yanayopita katika ukurasa wake wa malipo. Chanzo kilikuwa programu ya mazungumzo ya kujibu maswali ya wateja, iliyotengenezwa na kampuni nyingine na kuwekwa hadi kwenye ukurasa wa malipo. Aliyeivamia kampuni hiyo ya pembeni aliingia nyumbani kwa Ticketmaster bila kubisha hodi. Faini ilikuwa pauni milioni 1.25.

Tatizo la msimbo wa watu wengine lina uzito wa pekee kwa mtengenezaji wa programu za maduka, kwa sababu anayeukaribisha mara nyingi ni mfanyabiashara mwenyewe. Katika kampuni inayokumbukwa hapa, wenye maduka walipewa uhuru wa kubandika vipande vya msimbo katika kurasa zao, vya kuhesabu wageni, vya matangazo, vya mazungumzo na hata vya kupamba ukurasa msimu wa sikukuu, na hakukuwa na kizuizi chochote kilichotofautisha ukurasa wa bidhaa na ukurasa wa malipo. Mwenye nyumba aliyempa fundi ufunguo ili atengeneze bomba humkumbuka fundi huyo siku kitu kinapopotea. Mwenye duka aliyebandika kipande cha kuhesabu wageni mwaka juzi hakumbuki hata kama bado kipo. Kwa hiyo sharti jipya la kiwango cha PCI DSS toleo la 4, lililoanza kuwa la lazima tarehe 31 Machi 2025, linalodai kila msimbo katika ukurasa wa malipo uwe umeorodheshwa, umeidhinishwa na umeandikiwa sababu ya kuwepo, ni sharti la busara, ingawa limechelewa na ingawa mwenye duka mdogo hawezi kulitimiza peke yake. Anayeweza kulitimiza kwa niaba ya maelfu ni mtengenezaji wa programu, na njia iliyo salama zaidi kwake ni kuupeleka ukurasa wa malipo mahali ambapo msimbo wa mwenye duka haufiki kabisa.

Ruhusa nyingine isiyorudishwa ni ya watumishi. Shopify, kampuni ya Kanada ambayo ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa duniani wa programu za maduka, ilitangaza Septemba 2020 kwamba wafanyakazi wake wawili wa idara ya huduma walikula njama ya kuchota kumbukumbu za miamala ya wateja wa maduka yasiyofikia 200. Hakuna nywila iliyovunjwa wala kasoro ya programu iliyotumika. Watu hao walifungua kwa uovu kurasa walizokuwa wameruhusiwa kuzifungua kwa kazi. Jijini Dar es Salaam hali ilikuwa ya kawaida zaidi na kwa sababu hiyo ya hatari zaidi: nywila moja ya usimamizi ilitumiwa na idara nzima, ilitumwa kwa kila mwajiriwa mpya katika kundi la WhatsApp, na waliohamia kampuni nyingine waliondolewa katika kundi lakini nywila haikubadilishwa, kwa kuwa kuibadilisha kungewasumbua waliobaki. Ilipoulizwa baadaye ni nani aliyefungua orodha ya wateja wa duka fulani, jibu pekee ambalo mfumo uliweza kutoa ni kwamba ilifunguliwa na msimamizi.

Wapo wanaoona kwamba orodha ya namna hiyo, isiyo na kadi za benki wala namba za siri, ni hasara ndogo. Maoni hayo hayawezi kukubalika. Miongoni mwa maduka yaliyoguswa na kisa cha Shopify lilikuwamo la Ledger, kampuni ya Ufaransa inayouza vifaa vya kuhifadhia fedha za kidijitali, na orodha za wateja wake zilizovuja mwaka huo zilikuwa na taarifa kama majina, namba za simu na anwani za makazi tu. Hata hivyo zilitosha kuwafanya wateja hao waandamwe na jumbe za utapeli na vitisho, kwa sababu kila aliyemo alijulikana kuwa na kitu cha kuibiwa na mahali pa kumfuata. Tanzania haihitaji mfano wa mbali. Kila mwenye simu ameshapata ujumbe wa kumtaka ile hela aitume kwenye namba hii, na wengi huufuta kwa kucheka, kwa kuwa mtumaji hajui anamwandikia nani. Tapeli huyohuyo akiwa na orodha ya oda, huandika jina la mteja, hutaja jozi ya viatu aliyoagiza juzi na duka aliloagiza, kisha humwomba alipie nauli ya mzigo uliokwama stendi. Ujumbe huo hauchekwi, na fedha hutumwa.

Nakala za orodha hizo zilikuwa nyingi kuliko uongozi ulivyodhani. Ili programu mpya ijaribiwe, mhandisi huhitaji data inayofanana na ya kweli, na namna nyepesi ya kuipata ni kuinakili ya kweli. Hifadhidata nzima ya maduka ilikuwa imenakiliwa kwenye seva ya majaribio, ambayo haikuwa na ulinzi wa seva kuu kwa sababu ilihesabiwa kuwa ya mazoezi, na kutoka hapo ilikuwa imeshuka kwenye kompyuta za mkononi ambazo wahandisi walirudi nazo nyumbani kwa daladala. Ulinzi wote uliogharamiwa ulizunguka nakala moja, ilhali taarifa zilezile zilikuwa zimelala pengine bila mlinzi. Hapa ndipo inapoonekana thamani ya kanuni ambayo sheria za ulinzi wa taarifa huiweka mbele, ya kukusanya kile tu kinachohitajika na kukihifadhi kwa muda tu kinaohitajika: taarifa iliyofutwa haiwezi kuvuja, na hakuna kifaa cha ulinzi kinachotoa hakikisho kama hilo.

Kuhusu viraka, yaani marekebisho yanayotolewa ili kuziba kasoro za programu, machache yanatosha, kwa kuwa somo lake ni la zamani na halijabadilika. Magento 1, programu iliyoendesha maduka mengi duniani, iliacha kutengenezewa viraka na mmiliki wake, Adobe, tarehe 30 Juni 2020. Septemba ya mwaka huo, katika mwisho mmoja wa wiki, karibu maduka 2,000 yalivamiwa na kuwekewa msimbo wa kuiba kadi, wengi wa waathirika wakiwa wale waliobaki na toleo hilo.

Sheria imeanza kuyafikia mambo haya, na inayafikia kwa namna inayomhusu moja kwa moja mtengenezaji wa programu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, humtenganisha mkusanyaji, anayeamua taarifa zikusanywe kwa lengo gani, na mchakataji, anayezishughulikia kwa niaba yake, na huwataka wote wawili wasajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mwenye duka la vitenge ni mkusanyaji. Kampuni ya programu ni mchakataji wake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 imeweka hata saa: mkusanyaji humjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kuhusu uvujaji wenye hatari ya kweli ya madhara, na mchakataji humjulisha mkusanyaji, pale inapowezekana, ndani ya saa 48. Kampuni ambayo kumbukumbu zake hueleza tu kwamba msimamizi alifungua haiwezi kutimiza sharti hilo kwa ukweli, kwa maana saa hizo zitakwisha kabla haijajua kilichochukuliwa na aliyekichukua.

Mabadiliko yaliyofanywa katika kampuni ile yalifuata mantiki ya ruhusa. Kila mtumishi alipewa akaunti yake, yenye tarehe ya kuisha. Mtoa huduma aliacha kuona orodha za wateja isipokuwa mwenye duka ameomba msaada, na mwenye duka akaweza kuona katika ukurasa wake ni nani aliyeingia, lini na kwa ombi lipi. Seva ya majaribio ikajazwa majina ya kubuni. Manung'uniko yalikuwa mengi, hasa kwa wahandisi waliozoea kutatua tatizo la mteja kwa dakika chache na ambao sasa walipaswa kusubiri idhini, na ni kweli kwamba kazi ilipungua kasi. Ilistahili kupungua. Jambo moja tu halikuweza kurekebishwa: nakala zilizoshushwa zamani kwenye kompyuta za watu waliokwisha kuondoka ziliombwa zifutwe, na hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba zilifutwa.

Wafanyabiashara wa Kariakoo, Mwanjelwa na kwingineko wanaokaribia kusaini mkataba wa duka la mtandaoni wanaombwa, kabla ya kuuliza bei ya mwezi na rangi za ukurasa, wamuulize muuzaji wa programu awatajie ni watumishi gani wa kampuni yake wanaoweza kufungua orodha ya wateja wao leo, na ruhusa ya kila mmoja inaisha lini. Asiyeweza kulijibu swali hilo siku hiyohiyo asikabidhiwe namba ya simu ya mteja hata mmoja.